Bolti tatu za manifodi kwenye Howo ya shaba

Gari lenyewe ni Howo, kichwa cha kuvuta trela, injini ya WD615: silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 9.7, na kila silinda ina hedi yake peke yake, yaani kile kifuniko kizito cha juu chenye valvu. Hilo la mwisho ulishike, maana ndilo lililoamua kazi hii iishe vipi. Kazi ya gari ni kuchukua shaba Kolwezi na kuipeleka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kupitia Likasi na hapa Lubumbashi. Liliingia gereji kwetu Kampemba likiwa tupu, na dereva alikuja na malalamiko ambayo kila fundi wa malori anayajua: asubuhi injini inagonga tak-tak-tak, ikishapata moto mlio unafifia, vilimani halivuti kama zamani, moshi mweusi, mazutu (dizeli) yanakwisha kabla ya safari.

Alikuwa ameshapita kwa fundi mwingine. Huko aliambiwa ni valvu, zikarekebishwa, akalipa, akaondoka na mlio wake uleule. Simlaumu sana fundi huyo, kwa sababu sikio peke yake hudanganya. Lakini kuna jambo moja lilitosha kumzuia kufungua kifuniko cha valvu: mlio huu ulikuwa ukizimika kadiri geji ya joto inavyopanda, hadi injini ikiwa na moto kamili ulikuwa haupo kabisa. Hiyo ni tabia ya gesi inayovuja kwenye manifodi ya ekzosi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye turbo. Chuma kikipoa, mwanya unafunguka na kila mlipuko wa silinda unapigia pale. Kikipata moto kinatanuka na kuuziba. Tulilaza kabini, tukamulika tochi, na ushahidi ulikuwa pale pale: ulimi mweusi wa masizi umelala juu ya hedi ya silinda ya 1, na mwingine, mpana zaidi, kwenye silinda ya 6. Katikati pasafi.

Kuhusu mazutu na moshi, hesabu ni fupi. Turbo inazungushwa na gesi ile ile inayovuja. Ikitorokea pembeni kabla ya kufika turbo, hewa inayosukumwa ndani ya injini inapungua, mafuta yanabaki yaleyale, na yasiyopata hewa ya kutosha yanatoka kama moshi mweusi. Dereva akiona gari halivuti anakanyaga zaidi, na hapo manifodi inapata joto zaidi. Uvujaji wa namna hii unajilisha wenyewe.

Manifodi ya injini hii inashikwa na bolti 12 za milimita 10, mbili kwa kila mlango, yaani tundu la kutolea moshi la kila silinda. Kabla hatujagusa spana, tulihesabu vichwa vya bolti: vilikuwa kumi. Bolti moja ya silinda ya 1 na moja ya silinda ya 6 hazikuwa na vichwa. Hizo kumi zilizobaki tulizimwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni, tukazirudia asubuhi, na tulipoanza kuzifungua, moja zaidi ilikatika, ile jirani yake kwenye silinda ya 1. Ilikatika kwa sauti ya chini, kama mtu aliyevunja mhogo mbichi, na kijana aliyekuwa ameshika spana akaniangalia. (Hapa kwetu "yaya" ni ndugu mkubwa.)

"Yaya, imekatika."

"Nimesikia. Lete hicho kipande."

Kipande kilichobaki ndani ya spana kina habari, na wengi wanakitupa. Uso wake ulikuwa na rangi mbili: zaidi ya nusu ni nyeusi, kavu, yenye mistari midogo iliyopinda kama mawimbi ufukweni, na ukingo mwembamba tu, mfano wa mwezi mchanga, ndio uliokuwa unang'aa kijivu. Maana yake bolti hiyo ilikuwa imeshapasuka zamani. Ufa umekuwa ukisonga mbele kidogo kidogo kila injini inapopata moto na kupoa, na kilichokuwa kimeishikilia ni kile kipande kidogo kilichong'aa. Spana yetu ilimalizia tu. Ukiona uso umeng'aa wote na umejisokota, hapo ni nguvu ya mkono iliyoivunja, na chanzo ni kutu ndani ya meno. Ukiona mawimbi meusi, kitu kimekuwa kikiisukuma bolti upande kwa muda mrefu, na hata ukitoa vipande vyote na kuweka bolti mpya, baada ya safari chache utarudi palepale. Kwa hiyo kabla manifodi haijashuka nilikuwa nimeshajua kwamba kazi hapa si ya kutoa vipande tu.

Manifodi ilipotoka, tulikuwa na vipande vitatu, kila kimoja na hali yake. Cha kwanza, bolti ya juu ya silinda ya 1, kilikuwa kimechomoza nje ya uso wa hedi kwa urefu wa kucha. Cha pili, jirani yake, kilikuwa kimekatikia ndani, milimita mbili tatu chini ya uso. Cha tatu, kwenye silinda ya 6 upande wa flaiwili, kilionekana kimekatika sawasawa na uso, chepesi kuliko cha pili. Hicho ndicho kilichokuja kutusumbua.

Tulianza na cha kwanza, na hapa sioni sababu ya mjadala: kipande kilichochomoza kinachomelewa nati. Watu wanaanza na koleo la kubana, wanateleza, wanakula kile kidogo kilichochomoza, halafu ndipo wanamwita mchomeleaji wakati hakuna tena cha kushika. Anza na nati. Lakini kazi ya nati ina maandalizi, na ni maandalizi hayo yanayotofautisha fundi na mtu mwenye mashine ya kuchomelea.

Kwanza, betri zote mbili ziondolewe waya, na waya wa chini wa mashine ubanwe kwenye hedi yenyewe karibu na bolti, si kwenye chesisi. Ukiubana kwenye chesisi, umeme unatafuta njia yake kupitia beringi za turbo na za alteneta, na hutajua mpaka zianze kulia. Pili, milango ya ekzosi na mdomo wa turbo vizibwe. Sisi tulikata bati jembamba tukalibana mbele ya milango. Tone moja la chuma likiingia kwenye mlango halitakaa pale. Injini ikiwaka litatupwa moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo, ambayo yanazunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Tatu, mipira ya mazutu na mabomba ya plastiki ya breki yaliyo karibu yafunikwe kwa tambara lililoloweshwa, na mtungi wa kuzimia moto uwe chini ya mkono, si ofisini. Nne, mafuta ya kulegeza kutu yafutwe. Kuna mchanganyiko ambao mafundi wengi wanausifu, asetoni nusu na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu, na kweli unapenya vizuri. Lakini asetoni inatoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi, na sitaki kuuona karibu na mtu mwenye elektrodi mkononi.

Mchomeleaji wetu alichagua nati ya milimita 12, yenye tundu pana kuliko bolti, ili aone anachofanya ndani. Aliigwaruza kwanza kwa grainda hadi zinki yote ikatoka, kwa sababu moshi wa zinki unaleta homa na pia unaharibu mchomeleo. Elektrodi ilikuwa nyembamba, ya milimita 2.5. Aliiingiza katikati ya nati, akaigusisha kwenye uso wa kile kipande, akakaa hapo. Hakukimbilia ukingo wa nati. Alijaza kutoka chini kwenda juu mpaka tundu lote la nati likawa dimbwi, na nati ikageuka nyekundu kama kaa la makala.

"Sasa usiguse," alisema.

Kijana alikuwa ameshainua spana. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika. Kipande kikiwa chekundu ni laini, ukikizungusha kinajisokota na kukatika tena. Kinachotoa bolti ni safari nzima ya joto, kwenda na kurudi. Kikipata moto kinataka kutanuka, lakini kimezungukwa na chuma baridi cha hedi ambacho hakikipi nafasi, kwa hiyo kinajibana chenyewe. Kikipoa kinasinyaa na kuwa chembamba kidogo kuliko kilivyokuwa, na kutu iliyokuwa imekaza inapasuka. Tulingoja mpaka nati ikawa inavumilika kwa mkono wenye glovu. Kijana akaisukuma kidogo kuelekea kufunga, ndiyo, kufunga, halafu akairudisha kufungua. Ikasogea kwa upana wa unywele. Mafuta kidogo, kufunga, kufungua. Ilipoanza kulia kama mlango mkavu, tulijua imekubali.

"Yaya, iko inakuja!"

Ikaja. Meno ya hedi yalibaki mazima, na hiyo ndiyo faida kubwa ya nati kuliko drili: hugusi ukuta wa tundu hata kidogo.

Cha pili kilihitaji uvumilivu, na umeme haukutusaidia. Ulikatika asubuhi ile na tulifanya kazi kwa jenereta. Mashine ya kuchomelea kwenye jenereta dogo inapumua, moto unapanda na kushuka, na kwa kazi ya ndani ya tundu la milimita 10 unahitaji moto unaotulia. Tulizima kila kitu kingine gerejini, kompresa na grainda pamoja, mchomeleaji akabaki na jenereta peke yake.

Kipande kikiwa chini ya uso huwezi kuweka nati moja kwa moja. Unakiinua kwanza. Mchomeleaji anadondosha chuma katikati ya kipande, tone juu ya tone, mpaka kilima kidogo kichomoze nje ya tundu. Kisha unaweka washa, ile ringi bapa, kisha nati. Watu wanaogopa kwamba chuma kitashikana na meno ya hedi. Hedi ya injini hii ni chuma cha kusubu, na elektrodi ya kawaida haipendani sana na chuma cha kusubu, hasa kikiwa na masizi na mafuta. Inashika chuma cha bolti na kuteleza pembeni. Ingekuwa hedi ya aluminiamu ningezungumza mengine, na kwenye tundu ambalo mwisho wake unatokea kwenye maji ya kupozea, kama zilivyo baadhi ya injini, ningechunguza kwanza kama maji yanachuruzika. Hapa palikuwa pakavu.

Kilima cha kwanza kilikatika nati ilipoguswa. Hilo ni la kawaida na halina hasara, kwa sababu kila ukichomelea upya umekipasha moto kipande upya, na kila moto unavunja kutu zaidi. Ndiyo maana siwaelewi wanaojaribu nati mara moja, ikikatika wanasema "nati imeshindikana" na kuchukua drili. Nati haijashindikana, imeshalegeza nusu ya kazi. Baada ya kurudia rudia, kipande kilitoka kikiwa na mkia wa kutu ya rangi ya matofali kwenye meno yake ya ndani, mahali ambapo mafuta yetu hayakuwahi kufika.

Sasa cha tatu.

Tulipokwangua masizi kwenye uso wake, katikati palionekana duara dogo la rangi tofauti, kijivu cha kung'aa, na halikuwa katikati hasa, lilikuwa limeegemea chini. Nilipitisha tupa juu yake. Tupa iliuma ukingo wa bolti kama kawaida, ikafika kwenye lile duara na kuteleza kwa mlio wa kioo. Nikamwita dereva.

"Papa, nani aligusa hapa zamani?"

Akatafakari, akakumbuka: bolti hiyo ilikatika safari moja ya mvua, fundi wa njiani akaitoboa na kuingiza "kile cha kuzungusha kinyume". Kikakatika. Fundi akafunga manifodi juu yake, akasema bolti kumi na moja zinatosha.

Hiki chombo, ekstrakta, kile chenye meno yaliyopindia kushoto, kinauzwa kwenye kila duka la vipuri mjini, kina sura ya suluhisho, na mimi nasema wazi kwamba kwa bolti za ekzosi sikitaki. Fikiria hesabu yake. Bolti ya milimita 10 imekataa kutoka mpaka ikakatika. Mahali ilipokatika, kwenye shina la meno, ina unene wa karibu milimita 8.5. Ili uingize ekstrakta unatoboa tundu katikati yake, kwa hiyo ekstrakta yenyewe haiwezi kuzidi milimita 6 hivi. Nguvu ya fimbo kuhimili kusokotwa hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene), yaani fimbo ya 6 ina karibu theluthi ya nguvu ya fimbo ya 8.5 ya chuma kilekile. Ekstrakta ni chuma kigumu zaidi, ndiyo, lakini kigumu chenye kukatika ghafla bila kupinda. Umechukua kitu chembamba ukakiambia kifanye kazi iliyomvunja mnene. Zaidi ya hapo, inavyojikita ndani ya tundu inapanua bolti na kuibana zaidi kwenye meno. Kwa bolti iliyokatika kwa ajali, ambayo haikuwa imeshika kutu, ekstrakta inafaa. Hizo hazikai kwenye manifodi.

Na ikishakatikia ndani, umefunga mlango. Biti ya kawaida ya drili haiikati, inawaka tu na kugeuka bluu. Ukijaribu kutoboa pembeni yake, biti inakimbilia chuma laini, na chuma laini kilicho pembeni ni hedi yako.

Tulijaribu nati hata hivyo, kwa sababu ni jaribio la bei nafuu. Mchomeleo ulishika ukingo wa bolti lakini ile ekstrakta ilikuwa imeijaza bolti kutoka ndani kama kabari, na haikusogea. Hapo palizuka ubishi. Kijana alitaka tuingize kichwa cha kabaidi kwenye grainda ndogo ya hewa na kuila ekstrakta palepale garini. Kabaidi inaiweza, ni kweli. Tatizo ni mahali. Silinda ya 6 iko nyuma, mkono unaingia umepinda, jicho linaona kwa kioo, na kabaidi haipendi kutikisika: inamomonyoka. Ungekuwa unakata kwa kubahatisha, milimita moja kutoka kwenye ukuta wa tundu.

Mimi nilisema hedi ishuke. Nilimpigia simu mwenye gari, na jibu lake nalijua hata kabla hajalitoa.

"Bolti moja tu munataka kufungua injini? Shefu, ile gari Jumatatu inapakia."

Hofu yake ina msingi kwa mtu aliyezoea injini zenye kulasi (hedi) moja ndefu inayofunika silinda zote. Huko kushusha kulasi ni kazi nzito, gasketi ghali, na ukikosea kukaza umeharibu silinda sita. Kwenye WD615 unashusha hedi moja. Unamwaga maji ya rejeta, unafungua kifuniko kimoja, bomba la injekta moja, roka na fimbo zake mbili, mabomba ya maji na ya hewa yanayopita hapo, na hedi inatoka mikononi mwa mtu mmoja bila kreni. Gasketi ni moja, ndogo, na inapatikana. Nilimweleza mwenye gari kwamba saa tutakazotumia kuishusha ni chache kuliko tutakazozipoteza tukikosea tundu, na kwamba tundu likiharibika hedi itashuka tu, ikiwa na kidonda. Alikaa kimya kidogo kwenye simu, akasema tufanye.

Hedi ilikwenda kwa fundi kereza. Huko ilifungwa kwenye meza ya mashine, uso wa ekzosi juu, ukasawazishwa. Fundi hakutafuta katikati kwa kuangalia lile duara la ekstrakta, kwa sababu tundu la zamani lilitobolewa upande. Alipima kutoka kwenye tundu zima la jirani na kutoka kwenye mlango, akalinganisha na hedi nyingine, ndipo akashusha kikata cha kabaidi cha milimita 6, taratibu, akiinua kila mara kupuliza unga. Ekstrakta ilitoka kama mchanga mweusi. Baada ya hapo biti ya milimita 8.5, ambayo ndiyo ya meno ya bolti ya 10, ilipita kwenye mabaki ya bolti bila shida.

Upande wa chini wa tundu meno yalikuwa yameliwa na drili ya yule fundi wa njiani, robo ya mzunguko hivi. Hatukuyaacha. Tundu lilipanuliwa kidogo kupita milimita 10, likakatwa meno mapya, na ndani yake ikaingizwa springi ya meno ya chuma kisichoshika kutu, ile inayolirudisha tundu kwenye kipimo chake cha awali. Wako wanaodai springi haistahimili ekzosi. Mahali ilipo ni ndani ya hedi inayopozwa na maji, si ndani ya manifodi. Joto pale halifiki huko wanakolihofia.

Wakati hedi iko nje, tulirudi kwenye lile swali la mawimbi meusi: nini kilikuwa kinasukuma bolti za mwisho, mbele na nyuma, na si za katikati?

Jibu lilikuwa kwenye manifodi yenyewe. Haikutengenezwa kuwa kipande kimoja. Ina vipande vinavyochomekana, kimoja mdomo wake ndani ya kingine, na ringi za chuma kwenye maungio, ili iweze kurefuka bila kuvuta bolti. Kutoka mlango wa 1 hadi wa 6 ni karibu sentimita 75. Chuma cha kusubu cha urefu huo kikipanda joto kwa nyuzi 500, na kwenye mlima na mzigo hilo si ajabu, kinarefuka kama milimita 4. Hedi na bloku, vinavyopozwa na maji, havirefuki hata milimita 1. Hiyo tofauti ya milimita 3 na zaidi inatakiwa imezwe na maungio. Ya gari hili yalikuwa yameganda. Masizi na kutu vilikuwa vimejaza ringi mpaka vipande vikawa kitu kimoja. Tulivitenganisha kwa moto wa gesi na nyundo ya mbao, na ringi zilitoka vipande vipande.

Maungio yakiganda, manifodi inarefuka kwenda pande zote mbili kutoka katikati. Matundu yake ni mapana kidogo kuliko bolti, hivyo kwa nusu milimita ya kwanza hakuna kinachotokea. Baada ya hapo ukingo wa tundu unagusa bolti na kuisukuma upande. Tulipozitazama flanji za mwisho, matundu yalikuwa yamechimbika, marefu kuliko mapana, upande wa nje kwa zote mbili. Bolti za katikati hazikuwa na alama.

Bolti zenyewe zilichangia. Nyingi zilikuwa za njano, zilizopakwa zinki, bila alama yoyote ya daraja kichwani, za kununua kwa ndoo. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 tu, na bolti ya kawaida ya daraja 8.8 inaanza kulainika joto likipita kiwango ilichopashwa mara ya mwisho kiwandani baada ya kugumishwa. Ikilainika inalegea, ikilegea manifodi inachezacheza, na mchezo ule ndio unaoanzisha ufa.

Urekebishaji wenyewe ulikwenda haraka. Maungio yalisafishwa mpaka vipande vikawa vinateleza kwa mkono, ringi mpya zikaingia. Nyuso za manifodi tulizipima kwa rula ya chuma na fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia mwanya. Flanji ya mlango wa 6 ilikuwa imepinda kiasi cha kupitisha fila ya milimita 0.3, na kwangu chochote kinachozidi 0.1 kwenye mlango mmoja kinakwenda kusagwa. Ilisagwa. Gasketi zote zikawa mpya.

Kwenye bolti nilifanya jambo ambalo mwenye gari aliliona la anasa. Nilichukua bolti za chuma cha kuhimili joto, ndefu kwa milimita 20 kuliko za awali, na chini ya kila kichwa nikaweka bushi ya chuma ya milimita 20. Urefu unaoingia kwenye hedi unabaki uleule. Malori mengi ya Ulaya yanatoka kiwandani hivyo. Bolti ndefu inanyumbuka: manifodi ikiisukuma nusu milimita, msukumo ule unagawanyika kwenye shina refu badala ya kumalizikia kwenye jino la kwanza. Pia kichwa chake kinakaa mbali na joto. Bushi alizikereza fundi yuleyule aliyetoa ekstrakta, kutoka kwenye fimbo moja ya chuma.

Hedi ilirudi na gasketi yake, ikakazwa kwa mpangilio wa kitabu, mianya ya valvu ikawekwa, milimita 0.3 ya hewa na 0.4 ya ekzosi, injini ikiwa baridi. Manifodi ilikazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, meno yakiwa yamepakwa grisi ya shaba. Anayepaka grisi hiyo asikaze kwa nguvu ileile ya bolti kavu; meno yakiteleza, spana yenye kipimo inasoma namba ileile huku bolti inavutwa zaidi.

Injini iliwashwa asubuhi, ikiwa baridi kabisa, na dereva akainamisha sikio. Hakuna tak-tak. Gari lilipakia Jumatano badala ya Jumatatu. Nilimpa sharti: akirudi kutoka Kolwezi, kabla ya kwenda mpakani, apite kwetu injini ikiwa imepoa. Alipita. Bolti za silinda ya 6 zilikubali kusogea kidogo kwenye spana, nyingine zote zilikataa.

Mwenye gari ana Howo ya pili, mwaka uleule, njia ileile. Aliileta kwa ajili ya breki, nikaomba ruhusa ya kulaza kabini. Manifodi ikiwa hai, pembeni ya maungio utaona mkanda mwembamba uliosuguliwa, unang'aa, mahali mdomo unapoingia na kutoka kila siku. Kwenye hii ya pili kutu ilikuwa ya rangi moja kutoka kipande hadi kipande, bila mkanda wowote. Bolti bado ni kumi na mbili, na vichwa vyake vyote. Nimemwandikia bei ya ringi, gasketi na kazi ya siku moja. Anasema lipakie kwanza.